Saa ya Mtu wa Barumbu

Nilipaswa kukataa. Patron, mwenye duka, aliweka saa juu ya kitambaa cheusi cha kaunta, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja, akasema, "Chukua hii, Zozefu. Ile yako mupya iache, ni kitu ya kumupa mutoto wa masomo." Nami nilijua saa ile ilikotoka. Nilijua jina la mwenyewe, nilijua anakokaa, nilikuwa nimeishika kila Jumamosi kwa miezi saba. Neno la kukataa lilikuwa fupi kuliko nililolisema. Nilisema, "Merci, patron," nikaitia mfukoni. Nimeishi muda mrefu nikijiuliza kwa nini sikulisema lile fupi.

Majuma matatu yaliyopita tulimzika Papa Anselme, fundi wa saa, akiwa na miaka tisini na zaidi. Nilikwenda kwenye matanga yake huko Kabondo, mtaa wake wa Kisangani, nikakaa chini ya turubai pamoja na watu wa mtaa, na nilipotazama mikono ya waliokaa karibu nami sikuona hata mmoja uliovaa saa. Vijana walitazama simu. Wazee waliotaka kujua saa walimwuliza kijana. Nikaona kwamba mambo ninayoyajua kuhusu mtu huyu, na kuhusu duka tulilofanya kazi pamoja, yatakwenda nami nisipoyaandika. Habari za wazazi wangu na utoto wangu wa kijijini Yanonge nitaziacha. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, na sitajipamba.

Duka lilikuwa Makiso, katikati ya mji, karibu na soko kuu, na mji mzima uliliita Kwa Mgiriki ingawa Mgiriki mwenyewe alikuwa ameondoka miaka mingi kabla yangu. Aliacha sefu ya chuma ambayo wanaume wanane hawakuweza kuisogeza, aliacha makabati ya vioo, na alimwacha Papa Anselme, aliyekuja kutoka Kindu akiwa kijana na kufundishwa kazi naye. Patron wetu, mtu mnene mwenye sauti tamu, alilipata duka baadaye na hakujua kufungua hata kifuniko cha saa. Alijua kuuza. Mimi nilikuwa na diploma ya sekondari, miaka ishirini na mitatu, na mashati mawili meupe. Asubuhi ya kwanza alinipa funguo za makabati, akaniambia nipange saa zote zionyeshe saa nne na dakika kumi, kwa sababu mishale ikikaa hivyo uso wa saa unaonekana kama unacheka. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu. Saa sitini na kitu zilikuwa zinanichekea kwa pamoja, za dhahabu, za fedha, nyingine nyembamba kama sarafu, na jua la asubuhi lilikuwa limeingia kwenye vioo. Sikuwa nimewahi kuona vitu vizuri vya mikono ya watu vikiwa vingi namna ile mahali pamoja. Hata leo, nikipita pale na kukuta wanauza vifuniko vya simu, macho yangu bado yanatafuta ule mwanga.

Katika duka lile nilijifunza nani ananunua nini. Vijana waliotoka machimbo ya almasi walitaka saa kubwa kama biskuti, na wakaivaa juu ya mkono wa shati ili isifichwe. Akina mama wa barabara ya Banalia walileta unga wa dhahabu ndani ya unyoya wa bata uliozibwa kwa nta. Patron aliupima kwenye mizani ndogo, upande mmoja unga, upande mwingine vijiti vya kiberiti, na mama akaondoka na pete za ndoa za mtoto wake zimefungwa kwenye pindo la liputa, kitenge chake. Lakini kilicholisha duka ni saa ya mahari. Katika karatasi ya mahari, iliyochanwa kwenye daftari la shule, baada ya suti, kofia, viatu, taa ya kupampu, mbuzi na panga, ulikuwepo mstari ambao haukukosa: saa ya papa, yaani baba wa binti. Mkwe asiyeleta saa alionekana anamtaka binti bila kumtaka baba yake. Nakumbuka wajomba wawili wa Isangi waliokuja na bwana arusi aliyekaa kimya kama mgonjwa.

"Ule muzee hajue hata kusoma saa," mjomba wa kwanza alisema. "Tumupe ya bei kidogo."

"Weye, hajue kusoma, lakini anajua kuangalia," wa pili akajibu. "Jirani yake alipewa ya rangi ya dhahabu. Unataka atulaani?"

"Alors tumupe ya dhahabu yenye haitembei. Ataona wapi?"

Kutoka mezani kwake, bila kuinua kichwa, Papa Anselme alisema, "Ataona siku watamuuliza ni saa ngapi."

Duka zima lilicheka, hata bwana arusi, na wakanunua saa nzuri inayokwenda.

Papa Anselme alikuwa mtu mwembamba, kucha zake fupi na safi kama za daktari. Mkononi alivaa saa, lakini kila juma ilikuwa nyingine. Alizivaa za wateja baada ya kuzitengeneza, ili azijaribu kwenye mwili wa mtu, maana saa iliyolala mezani na saa iliyo kwenye mkono wa mtu anayetembea juani haziendi sawa. Ya kwake hakuwa nayo. Nilipomwuliza sababu alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini samaki hana kiti. "Nikikuwa na yangu, za watu nitavaa wapi?" Mwezi wangu wa pili aliniita. "Zozefu, kuya uone kitu." Alikuwa amefungua saa ya mwanamke, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Akanipa lupu, kile kioo cha fundi kinachobanwa jichoni, nikainama. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha, chini kabisa, kama mtu anayechungulia kisima, niliona gurudumu la rangi ya asali likienda na kurudi, na ndani yake uzi wa chuma uliojiviringa, mwembamba kuliko unywele, ukifunguka na kujikunja. Kandokando vilikaa vijiwe vyekundu, kila kimoja kimeshika ekseli isiyofika unene wa sindano.

"Inapumua," nilisema.

"Mara tano kwa segonde," alijibu. "Hata dimanshe, siku ya misa, haipumziki. Weye tangu uamuke, umefanya kitu gani mara tano kwa segonde?"

Sikuweza kuondoa jicho. Nilikuwa nimesoma fizikia miaka sita, nikapata alama nzuri, na hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuchukua shaba na chuma akavifanya vijue muda unapita. Nilimwomba anifundishe. Alisema kwanza nifundishe mikono yangu kuwa mikono ya mtu asiye na haraka, akanipa kazi ya kuokota skrubu kwa kibano kutoka kwenye sahani moja hadi nyingine, juma zima. Skrubu zile zingeweza kupotea ndani ya chembe ya mchele. Juma la pili nilizipoteza mbili tu.

Adhuhuri tulikula chumba cha nyuma, penye meza ya mbao na dirisha lililotazama ua wa jirani. Chakula kilikuja na Mauwa, binti yake, aliyekuwa akisomea uuguzi: lituma, ndizi zilizotwangwa laini, samaki wa liboke, aliyeokwa ndani ya majani, bado ana moshi wake, pilipili kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Alikuwa na mdomo.

"Papa, huyu vendeur yako wa kaunta anakula kama mutu anahama kesho."

"Muache, anasimamaka muchana muzima."

"Na mimi ku lopitalo ninakaa? Bagonjwa bananipa kiti?"

Siku moja nilimbania lupu jichoni, nikamwonyesha lile gurudumu. Aliinama, akashika ukingo wa meza. Kisha akasema kwamba kule wodi ya wazazi, akiweka sikio kwenye tumbo la mama mjamzito, husikia hivi hivi, haraka haraka, kitu ambacho bado hakina jina kikiendelea na kazi yake. Nilimtazama shingo yake iliyoinama juu ya saa ya mtu mwingine, na tangu hapo sikuwa nakula lituma kwa sababu ya njaa. Papa Anselme aliona. Alisema tu kwamba mkate ukikaa sana juu ya moto unaungua, na mimi nikaelewa kwamba nimepewa ruhusa ya kuzungumza habari ya ndoa.

Sasa lazima niseme habari ya mtoto wa meza. Katika meza ya Papa Anselme, chini kabisa, kulikuwa na droo pana iliyotandikwa kitambaa cha kijani, na humo zililala saa za watu walioleta kutengeneza na hawakurudi. Zilikuwa thelathini na kitu. Kila moja ilifungwa kwa uzi kijikaratasi chenye jina na mahali. Mwenyewe alihamishwa kazi, au alikosa nauli, au alikufa, au alikosa fedha ya kulipa fundi akaona haya. Maduka mengine yaliziuza baada ya mwaka. Papa Anselme aliziita amana. Kila Jumamosi saa sita, mlango ukishafungwa, alizitoa moja moja akazitia ufunguo, kwa sababu saa isiyotembea mafuta yake yanaganda. "Mwenyewe akikuja," alisema, "asikute maiti." Tangu mwezi wa tatu alinigawia nusu. Tulikaa ubavu kwa ubavu, yeye akisoma karatasi kwa sauti ndogo: hii ya mwalimu wa Banalia, hii ya mama wa Lubunga aliyekuwa anauza mikate, hii ya Papa Bolamba wa Barumbu, siku tatu kwa meli. Mwanzoni droo ilikuwa kimya. Saa ya kwanza ilianza, ya pili ikaingia, ya kumi, ya ishirini, hata mwishoni mbao za meza zilikuwa zinaimba chini ya viganja vyangu kama bati mvua inapoanza. Alinifundisha kuzitofautisha. Nilifikiri ananitania, mpaka siku aliyofumba macho akaniambia nimwekee sikioni yoyote nitakayo. Nilimwekea saba. Alitaja majina saba. Nilihisi nywele za mikono yangu zinasimama. Nimekaa karibu na watu wakubwa tangu wakati ule, waheshimiwa na maaskofu, na sijahisi tena kitu kama kile.

Ya Papa Bolamba ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Ilikuwa nyembamba, ya dhahabu, uso wake mweupe kama maziwa bila namba hata moja, mistari tu. Ilikaa pale miaka tisa. Tuliulizana mfanyabiashara wa chumvi na samaki wa mtoni aliipata wapi saa kama ile, na Papa Anselme akasema labda aliipata anakopata kila mtu chake, kwa jasho.

Mwezi wa tisa, Mauwa akiwa amekubali, nilipeleka ujumbe Yanonge, na tonton wangu Osako, mjomba na msemaji wa familia yetu, akapanda kuja Kisangani kuchukua karatasi ya mahari. Papa Anselme hakuomba mengi: suti, liputa za mama, taa, mbuzi. Alipofika mstari wa mwisho alicheka peke yake. Mji wote ulijua anacheka nini. Wauzaji wa kaunta ya jirani walinitania juma zima. "Utamupa Papa Anselme saa? Si ni kupelekea wavuvi Wagenya samaki?" Lakini aliiandika: saa moja. Mke wake alininong'oneza kwamba kwa miaka thelathini amemwona akivaa za watu, na kwamba safari hii atakuwa nayo yake. Basi nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani. Nilitaka mtu yule, aliyejua kila saa mjini, afungue kisanduku changu na akose neno. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua saa mpya kabatini, saa ya chuma, ya kawaida, inayokwenda vizuri. Ilikuwa inatosha. Nimeshaishi vya kutosha kujua kwamba ilikuwa inatosha.

Juma moja kabla ya sherehe Papa Anselme alilala na homa. Ndipo patron alipokuja mezani kwake, akavuta ile droo kama anavyovuta mtu droo ya kwake, akachagua ile ya Papa Bolamba, akaileta kaunta. "Mwenyewe alishakufaka," alisema. "Mutu wa mutoni, miaka tisa! Uipeleke wang'arishe, nitakupa mukanda mupya na kisanduku ya satini. Utalipa bei ya ile yako tu. Anselme ataona kweli amepata mukwe." Alikuwa ananiuzia kitu ambacho hakikuwa chake, na mimi nilikuwa nanunua kitu ambacho nilikuwa nimepewa kukichunga. Wala hakunilazimisha. Ningesema hapana, angecheka, angekwenda zake. Nilishasema hapo juu nilichojibu.

Jumamosi ile nilizitia saa ufunguo peke yangu. Nilipofika kwenye nafasi tupu nilizisogeza mbili za jirani karibu karibu ili pengo lisionekane, na nani angeliona? Mauwa aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na sare ya uuguzi, amevuja jasho.

"Papa ana homa kali, lakini hataki kulala. Anasema nikuulize: umeshatia saa zake ufunguo?"

"Nimetia."

"Zote?"

Alikuwa ameshika mlango, anatabasamu, maana aliona ni jambo la kuchekesha, mgonjwa anayeulizia saa za watu wasiojulikana. Nilisema, "Zote." Akaondoka mbio kumpelekea baba yake jibu.

Sherehe ilifanyika kwao Kabondo, mchana, chini ya turubai la buluu. Familia yangu ilikuwa imefika kwa mtumbwi wa mashine na vikapu vya samaki. Tonton Osako alikuwa msemaji, na tonton wangu akiwa msemaji hata mbuzi anasifiwa ukoo wake. Suti ilipokelewa kwa vigelegele, taa ilipampiwa ikawashwa ingawa jua lilikuwa kichwani. Mwisho alishika kisanduku cha satini juu ya kichwa chake. "Wengine banaletaka saa kwa mutu hajue saa," alisema. "Sisi tunaileta kwa mwenyewe wa kazi! Bon, aseme sasa kama watu wa mutoni hatujue kuchagua!" Watu walicheka, wakapiga makofi. Papa Anselme, bado amekonda kwa homa, alipokea kisanduku kwa mikono miwili. Hakukifungua. Alikiinua taratibu mpaka sikioni kwake.

Nimejaribu mara nyingi kueleza uso wake, na siwezi kufika. Haukuwa na hasira. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyesikia mtoto wake akilia ndani ya nyumba ya jirani. Alikishusha, akakifungua, akaitazama saa iliyong'arishwa ikawa kama mpya, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, hii saa umeitoa wapi?"

"Ku duka, papa. Nililipa." Ilikuwa kweli, na ndiyo maana niliisema bila kumeza mate.

"Na ni ya nani?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi tena, mpana kama siku ile ya kaunta. Nikasema, "Sasa ni yenu, papa."

Alifunga kisanduku. Aliwaambia watu kwamba vitu vyote vingine amevipokea kwa furaha. "Na hii saa," alisema, "nitaichunga." Vigelegele vikapanda. Tonton Osako alinikumbatia. Watu wote walifikiri imekubaliwa, na walikula mpaka jioni. Mimi nilikula pia, na sikumbuki nilikula nini, mimi ambaye nakumbuka kila sahani ya mwaka ule.

Jumatatu nilimkuta dukani mapema. Kisanduku kilikuwa mezani. Hakunisalimu wala hakunitukana. "Kesho kutwa meli inashuka," alisema. "Tutaenda Barumbu, weye na mimi. Mutu akiwa muzima, utamwambia kwa kinywa yako." Patron alisikia, akacheka kutoka kaunta. "Anselme, mutakwenda kutafuta mutu alishakufa?" Papa Anselme hakugeuka. "Basi nitaipeleka kwa kaburi yake," alijibu. Nilikwenda. Siwezi kujisifia hilo. Miguu yangu ilikwenda kwa sababu yake ilitangulia. Tulikaa siku tatu kwenye sitaha kati ya magunia na mbuzi, na usiku aliitia saa ufunguo, akaivaa, kama alivyofanya na saa ya mteja yeyote.

Papa Bolamba alikuwa hai. Tulimkuta mbele ya nyumba yake juu ya ukingo wa mto, amekaa kwenye kiti, mjukuu wake akimnyoa ndevu, nusu ya uso imejaa povu la sabuni. Papa Anselme alijitambulisha, akavua saa mkononi, akamwekea kiganjani. Yule mzee aliitazama muda mrefu. Alituambia kwamba mwaka ule biashara yake ilizama na mtumbwi, akakosa cha kumlipa fundi, akaona haya kurudi. Alidhani iliuzwa zamani. "Iko inatembea?" aliuliza, akaiweka kwenye sikio lisilo na sabuni. "Inatembea! Miaka yote hii, nani aliichunga?"

"Tuliichunga sisi wawili," Papa Anselme alisema, na mkono wake ukagusa bega langu.

Kama angenishtaki ningejitetea. Mkono ule sikuweza kuustahimili. Nikasema, "Hapana, papa. Yeye ndiye aliichunga. Mimi niliibeba kwenda kuoa nayo mutoto wake." Halafu Papa Bolamba alianza kucheka, akacheka mpaka povu likamdondoka kifuani na mjukuu akainua wembe juu kwa hofu. "Kumbe saa yangu imetafuta bibi!" alisema. "Na mimi nimekaa hapa mujane!" Alitufunga samaki wa moshi kwa majani, akakataa tuondoke kabla ya kula. Nilishangaa, na bado nashangaa, kwamba watu wawili wanaweza kubeba kosa la kijana na kulifanya jepesi namna ile. Meli ilipopanda, karibu na Isangi, Papa Anselme alikuja kusimama kando yangu kwenye chuma cha ukingo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai. "Imekwisha, mwanangu," alisema. "Karatasi ya mahari iko pale pale. Utaniletea ile ya chuma." Nilitazama upande mwingine ili asione macho yangu. Nilikuwa na hakika nimeokoka.

Mauwa alikuwa akitusubiri nyumbani kwao. Baba yake alimweleza yote, mpaka povu la sabuni, na hata yeye alicheka kidogo. Kisha akanigeukia.

"Papa amekusamehe. Ile ni mambo yake, mimi siingii. Lakini ile samedi ya homa nani alikuya ku duka?"

"Wewe."

"Nilikuuliza: zote? Ukajibu nini?"

"Zote."

"Nikatoka mbio. Papa alikuwa anatetemeka kwa kitanda, mimi nikamwambia: papa, lala, amezitia zote. Akalala. Nilimupa uongo yako pamoja na kinini ya homa, Zozefu, kwa mukono yangu, na mukono yangu ndiyo bagonjwa banaamini. Papa ulimwibia saa. Mimi ulinifanya kitu ya kuibia."

Nilimwomba. Mama yake alimwomba. Baba yake, alipoona binti amemaliza, alisema, "Nimesikia," akasimama kuitoa ile taa ya mahari kwenye msumari. Vitu vya mahari vilirudi kwetu juma lilelile, na mbuzi aliyeliwa alilipwa kwa mbuzi mwingine.

Niliacha duka kabla mwaka haujaisha. Hakuna aliyenifukuza, nilishindwa kukaa kwenye meza ile adhuhuri chakula kinapoingia. Papa Anselme naye aliondoka muda mfupi baadaye, akabeba ile droo nzima akaihamishia nyumbani, na nilisikia kwa watu kwamba kwa miaka mingi aliendelea kutuma ujumbe kwa wenye meli na wenye baiskeli, saa moja baada ya nyingine, hadi Basoko, hadi Banalia. Nilijifunza kuuza nguo, kisha simenti. Sikushika tena kibano. Mauwa aliolewa na mwalimu. Nilioa miaka minane baadaye, mwanamke mwema wa Lubunga, marehemu sasa, ambaye hakustahili kuolewa na mtu aliyebaki nusu na hakunilaumu hata siku moja.

Siku ya mazishi, kabla ya kutoa jeneza, kijana mmoja wa familia alipita kati ya viti akiwatafuta wakwe na wana wa kulibeba. Aliniona nimesimama. "Papa, weye ni wa famille?" aliuliza kwa adabu. Mauwa alikuwa mlangoni, kichwa chake kimekuwa cheupe, na alisikia. Akarudi ndani. Nilimjibu kijana kwamba hapana, tulifanya kazi duka moja zamani, nikakaa. Wakwe zake wanne ndio waliombeba. Hiyo ndiyo bei ya ile merci: sikumwoa Mauwa, sikuwa fundi, na mtu aliyekuwa tayari kuniita mwanawe alikwenda kaburini bila bega langu.